Bahari ya Aral ilikuwa karibu sawa na ziwa letu. Nani anashika daftari la Ziwa Victoria?

#1 Mwana_Igombe
Wakuu, mwangaluka.

Juzi nilikuwa nafundisha kidato cha tatu kuhusu maziwa makubwa ya dunia. Nikaandika ubaoni orodha ilivyokuwa mwaka 1960: Kaspi, Superior, Victoria, na ya nne Bahari ya Aral, kule Asia ya Kati. Aral ilikuwa na kilomita za mraba kama 68,000. Victoria ina 68,800. Yaani chukua maji yote haya, kuanzia hapa Igombe, Mwanza, mpaka Entebbe na Kisumu, halafu yafute. Mwanafunzi mmoja wa dawati la mbele, ambaye baba yake ana mitumbwi miwili, akauliza: "Sasa mwalimu, hawakuona linavyopungua?"

Nilishindwa kumjibu palepale, kwa sababu ukweli ni kwamba wakubwa wa Usovieti waliona. Walikuwa na wahandisi na vipimo. Mito ya Amu Darya na Syr Darya ilichepushwa kwenda kwenye mashamba ya pamba kwa mpango kabisa, na wakubwa walishapiga hesabu kwamba maji yakienda kwenye pamba yana faida kuliko yakiingia baharini. Samaki walipokwisha, kiwanda cha kusindika samaki cha Moynaq, mji uliokuwa ufukweni mwa Aral, kikawa kinaletewa samaki kutoka Bahari ya Baltiki ili kiendelee kufanya kazi.

Swali langu ni hili. Wachumi wa ikolojia wanasema soko peke yake haliwezi kulinda ziwa wala msitu, jamii lazima ikae ipange kiasi gani kivuliwe, kiasi gani kikatwe. Nakubaliana nao. Lakini nchi zilizopanga kuliko zote ndizo hizo zilizokausha Aral. Na sisi tulipita kwenye Azimio la Arusha, ule ujamaa wa Mwalimu Nyerere, tunayo ya kusimulia. Kosa lilikuwa kupanga, au walichokuwa wanakihesabu? Naomba tujadili bila ushabiki wa vyama.

#2 SatoMbichi
Ngoja waje wachumi. Nimekaa hapa na ugali wangu.

#3 Hesabu_Kwanza
Mwalimu, jibu lipo ndani ya swali lako. Maji ya Amu Darya hayakuwa na bei. Mkulima hakulipia lita hata moja, mfereji wa udongo ukivuja hakuna aliyeumia mfukoni. Kitu cha bure kinamwagwa. Ludwig von Mises aliliandika hili mwaka 1920, kabla Usovieti haujakaa vizuri: bila bei huwezi kujua unapoteza nini.

Halafu ongeza la János Kornai wa Hungaria. Alionyesha kwamba shirika la umma likila hasara, serikali inalifidia, kwa hiyo meneja hana sababu ya kubana matumizi. Kiwanda cha Moynaq ndicho mfano. Kwenye soko kingefungwa, na kufungwa kwake kungekuwa kengele.

#4 Jembe_na_Nyundo
Kengele ingemlilia nani? Hapa Mwanza viwanda vya minofu ya sangara vilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, soko likiwa huru. Bei ilikuwepo, tena ya dola. Minofu ikapanda ndege, sisi tukabaki na mapanki, vichwa na mifupa. Hebu niambie, ile bei ililinda sangara?

Usovieti ulikuwa na kosa, sikatai, ila lilikuwa kosa la mashindano. Walitaka kuipita Marekani kwa chuma, kwa pamba, kwa kila kitu, ndani ya miaka michache. Nchi inayokimbia hivyo, iwe ya kijamaa au ya kibepari, inakanyaga kilicho mbele yake.

#5 Kyaka_Kwetu
Lakini huyo sangara aliletwa wakati wa ujamaa. Mzee wangu alisema serikali ilimmwaga ziwani miaka ya sabini ili watu wapate kitoweo.

#6 Mpima_Maji
Hapana ndugu yangu. Sangara aliingizwa upande wa Uganda kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa 1960, na waliosukuma jambo hilo ni maofisa wa uvuvi wa kikoloni. Alikaa kimya muda mrefu, akalipuka miaka ya 1980. Ndiyo maana mzee wako alimwona kwa mara ya kwanza wakati wa Mwalimu Nyerere. Samaki huyu hana chama.

Mwalimu nawe nikurekebishe mawili. Ziwa letu haliwezi kukauka kwa njia ile ya Aral. Aral ilitegemea mito miwili, ukiifunga imekwisha. Victoria karibu asilimia 80 ya maji yake yanatoka kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mwaka 2006 maji yalishuka sana, sababu ikiwa ukame pamoja na maji mengi kufunguliwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja, Uganda, pale maji ya ziwa yanapotokea. Mwaka 2020 yakapanda mpaka yakaingia kwenye nyumba za watu. Hatari yetu ni kile kilichomo ndani ya maji: udongo wa mashambani, maji machafu ya mjini, samaki wanaovuliwa kabla ya kuzaa.

La pili, Aral haijafa yote. Kazakhstan walijenga bwawa la Kokaral, likakamilika 2005, na upande wa kaskazini maji yakapanda na samaki wakarudi. Upande wa kusini uliendelea kunywea hata baada ya Usovieti kuvunjika mwaka 1991, kwa sababu pamba iliendelea. Anayesema ujamaa ndio ulioua Aral aeleze na hii miaka ya baada ya 1991.

#7 Mwana_Igombe
Asante Mpima_Maji, nitalirekebisha darasani. Hilo la mvua sikulijua.

#8 Mama_Dagaa_Kirumba
Nawasoma tangu asubuhi nikiwa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, naandika kwa simu, mnisamehe makosa.

Hesabu_Kwanza mwanangu, unasema bei ni kengele. Nikuambie bei inavyofanya kazi huku. Mabondo ya sangara, yale matumbo ya hewa yanayouzwa ghali, bei yake ikipanda, tajiri aliyekuwa na mitumbwi mitatu anatafuta wa nne. Anayevua dagaa anakopa nyavu za sangara. Samaki wakipungua, bei inapanda tena, na watu wanaongezeka tena. Sijawahi kuona bei ikimwambia mtu apumzike. Sisi wa dagaa anayetupumzisha ni mwezi. Mbalamwezi ikikaa, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, wavuvi wanashona nyavu.

Mama yangu alikuwa anauza furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hili. Walikuwa wa rangi zote, wengine mgongo wa buluu, wengine tumbo jekundu kama limechovywa rangi. Anawatandaza juu ya mawe, wakikauka anawatunga kwenye kijiti. Furu alikuwa kitoweo cha mtu asiye na kitu. Sikumbuki siku alipokosekana, nakumbuka tu kwamba siku moja mama alikuwa anauza dagaa. Na hakuna mtu aliyekuja kutuuliza, si wa ujamaa wala wa soko huria.

#9 SatoMbichi
Mama hapo umenishika. Nimeacha kutafuna.

#10 NgwanaKwimba
Nimesoma hoja za wote. Mimi ni mtu mzima, nimezaliwa 1958, nitaeleza nilichokiona.

Baba yangu alikuwa na ngitili nyuma ya mji wetu, ekari kama sita. Kwa vijana wasiojua: ngitili ni eneo la malisho linalofungwa masika. Mifugo haiingii mpaka kiangazi kikikolea, Agosti au Septemba, majani ya nje yakishakwisha. Na hata likifunguliwa wanatangulia ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia. Hapakuwa na waya wa seng'enge. Palikuwa na mnyaa pembeni, na watu walijua.

Mwaka 1974 tulisogezwa kwenye kijiji cha ujamaa. Kaya zilipangwa mstari kando ya barabara, kila moja na kiwanja chake. Ngitili ikabaki nyuma, mwendo wa saa moja na zaidi, haina mtu wa kuiangalia. Mwaka wa kwanza walichunga waliopita. Mwaka wa pili wakakata miti. Mwaka wa tatu nilipokwenda nikakuta vichuguu na mchanga. Pale kijijini ng'ombe wa kaya zote walizunguka eneo moja, asubuhi wanatoka, jioni wanarudi kwa njia ileile, mpaka njia ikawa korongo. Mama alikuwa anaondoka alfajiri kutafuta kuni, anarudi saa saba mchana.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Nilikuwa kijana wa TANU na nilibeba mabati ya shule ile kichwani. Mdogo wangu wa kike amejua kusoma kwa sababu ya kijiji kile. Alichokitaka Mwalimu Nyerere nakitaka mpaka leo. Lakini yule bwana aliyekuja kupima alikuwa na karatasi yenye barabara, kisima na viwanja. Baba alimwonyesha ngitili kwa kidole. Akasema hiyo ni pori.

#11 Hesabu_Kwanza
Mzee wangu shikamoo, na asante kwa simulizi hii. Lakini naona inaniunga mkono. Ngitili ilikuwa na mwenyewe. Ilipokosa mwenyewe, ikafa.

#12 NgwanaKwimba
Marahaba. Ilikuwa na mwenyewe lakini haikuuzwa, mwanangu. Zilikuwepo za kaya na zilikuwepo za jumuiya. Ukilisha kabla ya muda unaitwa kwenye dagashida, baraza letu la jadi, wazee wanakaa, unalipa faini. Baba asingeweza kumuuzia mgeni hata angetaka. Kwa hiyo usiiite mali binafsi kama unavyoijua wewe, wala usiiite ya serikali. Nyinyi wasomi mtafutie jina.

#13 Jembe_na_Nyundo
Mzee amesema kweli, na namwongezea upande wa pili ili picha ikamilike. Wakoloni nao walifyeka misitu ya Shinyanga miaka ya 1920 na 1930 kufukuza mbung'o. Pamba ikaja juu yake. Na serikali iliyokosea mwaka 1974 ndiyo iliyoanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986. Walianza kwa kugawa miche, baadaye wakasikiliza wazee na kurudi kwenye ngitili. Mamia ya maelfu ya hekta yakarudi kuwa na miti, na mwaka 2002 mradi ukapata tuzo ya Umoja wa Mataifa, ile ya Ikweta. Nchi inayopanga inaweza pia kujifunza.

#14 Hesabu_Kwanza
Ilijifunza baada ya miaka kumi na mbili, na baada ya korongo. Halafu usisahau vyama vya ushirika. Wakulima wa pamba wa kanda hii walivijenga wenyewe, wakina Paul Bomani, muungano wa vyama hivyo wa Victoria ulikuwa wa kupigiwa mfano Afrika. Azimio la Arusha likaviua mwaka 1967.

#15 Mpima_Maji
Tarehe mkuu. Azimio ni 1967, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Sheria ya kuvirudisha ni ya 1982.

#16 Hesabu_Kwanza
Sawa, 1976. Hoja inabaki: aliyekuwa karibu na shamba alinyang'anywa sauti.

#17 Leipzig83
Wadau, nami nichangie kidogo, nilisoma Ujerumani Mashariki miaka ya themanini.

Watu wanaisimulia ile nchi kwa moshi wake na ni haki. Walichoma makaa ya kahawia majumbani na viwandani. Ukianika shati jeupe asubuhi wakati wa baridi, jioni kola ina mstari mweusi kabla hujalivaa. Hakuna gazeti lililoandika hali ya hewa ilivyo chafu. Takwimu za mazingira zilifanywa siri kuanzia mwanzoni mwa miaka hiyo. Nafikiri hapo ndipo palipo na jibu la Mwalimu: wananchi waliona, lakini aliyeona hakuwa na pa kusemea.

Ila kuna jambo jingine silisahau. Palikuwa na vituo vinaitwa SERO. Chupa, mitungi ya kioo, magazeti, chuma chakavu, unapeleka unalipwa papo hapo. Watoto wa mtaa walipita mlangoni na kigari cha mkono wakiomba chupa. Jirani yangu bibi kizee alikuwa anaosha mitungi ya jamu na kuipanga dirishani mpaka ifike ishirini. Walikuwa hawana fedha za kigeni za kununulia malighafi, kwa hiyo takataka ilikuwa mali. Walitengeneza hata glasi za bia ambazo zilikuwa ngumu kuvunjika, Superfest. Mwaka Ujerumani mbili zilipoungana, 1990, zikaacha kutengenezwa, wauzaji hawakuzitaka, maana glasi isiyovunjika hainunuliwi mara ya pili.

Wa umri wangu mtakumbuka hapa kwetu ukienda dukani bila chupa tupu hupati soda. Leo mvua ikinyesha utazameni Mto Mirongo hapa Mwanza unavyopeleka chupa za plastiki ziwani.

#18 Kyaka_Kwetu
Na Kuba je? Nasikia ndiyo nchi iliyofaulu.

#19 Jembe_na_Nyundo
Ripoti ya WWF, shirika la uhifadhi wa mazingira, ya mwaka 2006 iliitaja Kuba kuwa nchi pekee iliyotimiza vigezo vyao viwili kwa pamoja: maisha ya watu kuwa mazuri kiasi na mzigo kwa dunia kuwa mdogo. Usovieti ulipovunjika walikosa mafuta na mbolea. Wakarudi kwenye maksai, wakaagiza baiskeli zaidi ya milioni kutoka China, wakalima mboga katikati ya Havana.

#20 SatoMbichi
Wasukuma tulikuwa na maksai na baiskeli kabla ya Kuba. Watuletee na sisi hiyo tuzo.

#21 Kyaka_Kwetu
Nyie mnapanda watu wanne na gunia la mpunga juu ya baiskeli moja, tuzo yenu ni ya maajabu.

#22 Leipzig83
Jembe, taratibu na Kuba. Walikonda. Kile kipindi watu wazima walipungua kilo kadhaa, na mpaka leo sehemu kubwa ya chakula inatoka nje. Kubana matumizi kwa kukosa si sawa na kubana kwa kuamua. Bibi yule wa mitungi naye alibana kwa kukosa. Sijui angefanya nini dukani pakiwa pamejaa.

#23 Mwana_Igombe
Jana usiku nimekesha nasoma kwa ajili ya uzi huu, niwaletee kisa kimoja.

Mwaka 1919 Otto Neurath, mtu wa Vienna, alipendekeza uchumi uhesabiwe kwa vitu vyenyewe: kilo, lita, saa za kazi, bila kugeuza kila kitu kuwa fedha. Mises aliandika ile makala ya 1920 akimpinga yeye na wenzake. Wachumi wa ikolojia wa leo wamemrudia Neurath, kwa sababu msitu na shilingi havipimwi kwa mzani mmoja. Nilimpenda sana.

Halafu nikakutana na nyangumi. Meli za Usovieti zilipewa malengo kwa vitu vyenyewe, idadi na tani. Nahodha akivuka lengo anapata bonasi, na mwaka unaofuata lengo linapandishwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwenye bahari za kusini waliua nyangumi wa nundu zaidi ya 48,000. Waliotajwa kwa tume ya kimataifa ni 2,710. Na wengi nyama yao haikuhitajika hata huko kwao, mizoga mingine ilitupwa baada ya kutolewa mafuta. Ukweli ulijulikana miaka ya 1990, kwa sababu wanasayansi waliokuwa kwenye meli zile walitunza kumbukumbu za kweli. Mmoja wao alizificha kwenye shimo la kuhifadhia viazi nyumbani kwake.

Kwa hiyo kuhesabu kwa vitu hakukuwaokoa nyangumi. Walihesabu waliouawa, hawakuhesabu waliobaki. Na daftari la kweli lilikuwa chini ya viazi. Naona Leipzig83 ana hoja, Mzee wa Kwimba ana hoja, na Hesabu_Kwanza kuhusu fidia ana hoja vilevile. Bado sijajua nimjibu nini yule mtoto.

#24 KatibuMwalo
Mwalimu umegusa kazi yangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kusimamia mwalo, BMU, mwalo siutaji. Daftari ninalo hapa mezani. Safu zake: tarehe, jina la mtumbwi, aina ya samaki, kilo, bei. Basi. Sangara wa chini ya sentimeta 50 haruhusiwi, lakini hakuna safu ya urefu. Naandika kilo 40, na kilo 40 inaweza kuwa samaki wanne wakubwa au arobaini wachanga. Karatasi inapanda ofisi za juu, ikirudi inarudi na ushuru, hairudi na jibu. Mwaka fulani walikuja kuchoma nyavu zilizopigwa marufuku, timba na makokoro, moto ukawaka mchana kutwa. Aliyeumia ni mvuvi wa kokoro moja. Tajiri wa mitumbwi mingi alishapigiwa simu usiku.

#25 Bint_Ukerewe
Katibu, ongeza petroli. Kaka yangu anavua kutoka huku kisiwani. Alipoanza, galoni moja ya lita ishirini ilimpeleka na kumrudisha, na anabaki na ya kesho. Sasa hivi anachukua mbili na bado anarudi na sangara wachache kuliko wa zamani. Kwenye daftari lako siku zote mbili zinaweza kuonekana sawa, maana bei imepanda. Ukigawa lita kwa kilo ndipo utaona ziwa limesogea mbali.

#26 Mpima_Maji
Dada hapo umetoa kipimo ambacho watafiti wanakitumia kabisa: jasho na nishati kwa kila kilo. Kilo peke yake hudanganya, kwa sababu injini kubwa inaficha upungufu.

#27 Hesabu_Kwanza
Kizuri. Lakini lita na kilo zikishajulikana, nani ataamua mtumbwi upi ubaki nchi kavu? Mkigawa viwango vinavyoweza kuuzwa na kununuliwa, mwenye kuvua kwa lita chache ndiye atabaki.

#28 Jembe_na_Nyundo
Atabaki mwenye fedha ya kununua viwango vyote. Ndani ya miaka mitano ziwa lina matajiri kumi na wengine wote ni vibarua. Hayo maamuzi ni ya mwalo wote, kura moja kwa kila mtu, wavuvi wasio na mtumbwi wakiwemo.

#29 NgwanaKwimba
Dagashida haikuwa kura. Watu walikaa mpaka wakachoka kubishana. Ilikuwa inachukua siku mbili.

#30 Mama_Dagaa_Kirumba
Na wanawake walikaa wapi kwenye hiyo dagashida, mzee wangu? Mimi ndiye ninayejua dagaa wamekuwa wadogo, maana ndiye ninayewaanika. Wakiwa wadogo wanapenya kwenye wavu wa kichanja, wanaanguka chini kwenye mchanga.

#31 NgwanaKwimba
Hawakukaa. Hilo lilikuwa kosa, sitalitetea.

#32 KatibuMwalo
Jumatatu nachora safu ya lita na safu ya urefu, kwa rula na kalamu nyekundu. Zimebaki kurasa 31. Sijaomba ruhusa kwa mtu. Wenye mitumbwi watagoma kutaja petroli, wataona ni mambo ya kodi, kwa hiyo nitaanza na wanne wanaoniamini. Mwalimu, kama wanafunzi wako wa kidato cha tatu wanaweza kuja saa kumi na mbili asubuhi, waje wanisaidie kupima urefu. Huyo wa dawati la mbele aje na baba yake.

#33 Mwana_Igombe
Tutakuja Jumatano, nikishapata ruhusa ya wazazi. Rula za mbao za ubaoni zina mita moja, zitatosha?

#34 KatibuMwalo
Zinatosha. Zifungwe nailoni, damu ya samaki haitoki kwenye mbao.

#35 Mama_Dagaa_Kirumba
Na furu, Katibu. Wiki iliyopita nimewakuta watatu ndani ya ndoo ya dagaa, wawili weusi na mmoja mwenye wekundu mkiani. Nimewatenga kwenye sahani. Hawana safu kwenye daftari lako.

#36 KatibuMwalo
Niwaandike kwa kilo au kwa idadi?

#37 Mama_Dagaa_Kirumba
Kwa idadi. Kilo hawafiki.